Chuo Nilichokuthibitishia

Bariadi, Alhamisi alasiri

Mwanangu Milembe,

Salamu tulizimaliza asubuhi, ulipopiga goti mlangoni kwangu ukaniambia unakwenda Ipililo kumuaga bibi yako na utarudi na gari la jioni. Nilikuitikia bila kukutazama, nikijifanya natafuta kiatu. Kiatu kilikuwa mguuni. Kwa hiyo barua hii haitaanza na hujambo, na sisi huku nyumbani siwezi kuandika kwamba hatujambo, kwa sababu huku nyumbani niko peke yangu na mimi sijatulia hata kidogo.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Mwanza linaondoka na wewe umo. Mambo ya ndoo, chandarua, kufuli la kabati na wasichana wa kuazimana nguo sitayaandika. Nimeyasema mara tano, na mara ya tano uliguna ukidhani sitasikia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Milembe. Mguno nausikia nikiwa nje kwenye korido.

Nina jambo moja tu la kukwambia, na tangu jana nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jambo lenyewe ni kwamba nilikudanganya. Siku ile niliyokwambia nimeshakuthibitishia chuo cha Mwanza kwa sababu dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo, dirisha lilikuwa limebakiza siku nne. Nililijua hilo. Nililisoma kwa macho yangu kwenye ujumbe, nikiwa na miwani.

Nimeshaandika, na kalamu haijavunjika. Sasa nikueleze upande wangu, maana wewe unaujua wako tu, na huo wako pia sina hakika kama naujua.

Wakati wa kuomba vyuo ulikuwa bado kambini kwenye mafunzo ya jeshi, simu huna, umenyolewa kichwa, kila ukipata nafasi ya kupiga unaomba dua na sabuni. Kabla hujaenda ulikuwa umeniachia karatasi. Uhandisi wa nguo, Dar es Salaam, ulikuwa wa kwanza. Famasia, Mwanza, ilikuwa ya tatu, na pembeni yake uliandika kwa herufi ndogo, "kama mama atasisitiza." Nikaicheka ile karatasi. Nikaenda nayo steshenari kwa Rehema, tukajaza, na namba ya simu tukaweka yangu kwa sababu yako ilikuwa imezimwa kwenye droo. Hapo sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya ilikuja baadaye, na ilikuja ikiwa imevaa nguo nzuri.

Majibu yalinikuta kazini. Vyuo viwili vimekuchukua, vyote viwili, na namba ya siri ya kuthibitishia kimoja ikafuata kwenye simu yangu hiyo hiyo. Wenzangu wodini walipiga vigelegele mpaka mama mmoja aliyekuwa bado anasukuma akainua kichwa kuuliza, "Tayari? Ni wa kike au wa kiume?" Nilicheka na kulia pamoja. Halafu nikasoma tena ule ujumbe, nikaona Dar es Salaam imeandikwa juu na Mwanza chini, nikaifunika simu kwa kiganja.

Jumapili tukazungumza, unakumbuka. Ulikuwa umerudi kutoka kambini na nywele zimeanza kuota. Tulikaa jikoni tunachambua mchele, ungo uko magotini pako. Nikakuuliza, "Haya, unaonaje?" Ukanijibu vizuri kabisa. Ukasema, "Mama, pamba yetu inaondoka hapa ikiwa marobota, inarudi ikiwa kitenge. Hapo katikati kuna nini? Mimi nataka nikakae hapo katikati."

Mtu mwenye akili angenyamaza baada ya maneno kama hayo. Mimi nikaanza na pumu.

Sikuwahi kukusimulia siku ile ya pamba, kwa sababu simulizi yake hainipendezi. Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa likizo Ipililo, msimu wa mavuno, na pamba ya babu yako ilikuwa imejazwa sebuleni ikisubiri soko kufunguliwa, imefika karibu na dirisha. Ninyi watoto mlikuwa mnapanda juu ya meza mnairukia, mnazama, mnaibuka mmekuwa weupe kichwani kama wazee. Bibi yako akasema, "Watoe hao, vumbi litawaumiza." Nikamjibu, "Waache mama, wanacheza." Mimi, muuguzi. Nilikuwa nimekaa nje nasukwa, na nilitaka nimalize kusukwa kwa utulivu.

Walipokuja kuniita ulikuwa umekaa sakafuni, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Inhela yako nilikuwa nimeisahau huku Bariadi. Nilikubeba mgongoni hadi zahanati, nusu ya kichwa changu imesukwa na nusu imesimama wima, nakimbia na kukuhesabia pumzi. Kila pumzi ilikuwa inachelewa kidogo kuliko iliyopita. Ulipona, na tangu kidato cha pili haijakushika tena. Lakini mimi haijaniachia. Naona ua la pamba shambani, zuri, watu wanapiga picha, na mimi nahesabu.

Basi Jumapili ile jikoni nilikurushia yote hayo bila kukwambia kwamba ni yangu. Nilikwambia vumbi la viwandani. Nilikwambia umbali, kwamba ukiumwa Mwanza saa nne, saa kumi mimi nimeshafika na chupa ya uji, lakini Dar es Salaam nitafika umeshapona au umeshazikwa. Ndiyo, nilisema umeshazikwa. Nilikwambia mfamasia halali njaa, kwamba hata Nyalikungu tu watu wanapanga foleni dukani kwa dawa. Niliongea mpaka mchele ule ule ukachambuliwa mara mbili. Wewe ulikuwa unanisikiliza na vidole vinakwenda. Nilipomaliza, ukainuka na ungo, ukakunja goti kidogo kama nilivyokufundisha, ukasema, "Nimesikia, mama."

Jumatatu, kabla ya zamu, nikaenda kwa Rehema. Akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia, "Ameniagiza." Huo ulikuwa uongo mwingine, mdogo mdogo, ule wa kusafishia njia. Nikamsomea namba ya siri, akaandika, akabonyeza, na Dar es Salaam ikatoka. Niliporudi nikakwambia lile la dirisha kufungwa. Ukasema, "Sawa mama. Asante." Ukaenda kuanua nguo kwenye kamba. Nguo zilikuwa bado mbichi. Niliona maji yanakudondokea kwenye mkono, nikajiambia mtoto ana haraka ya kupika.

Sasa nikwambie kwa nini mimi, kuliko mama yeyote wa mji huu, sina pa kujifichia. Ni kwa sababu ya hilo neno nimesikia. Ninalijua vizuri. Nimelisema mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata barua mbili, kama wewe. Moja ya kidato cha tano, shule moja ya Tabora, jiografia na wenzake. Nyingine ya chuo cha uuguzi. Nilikuwa nataka Tabora mpaka usingizi unanipaa. Mwaka uliotangulia walikuja wapima ardhi Ipililo, na mmoja wao alikuwa mwanamke, amevaa suruali na kofia pana, amesimama nyuma ya chombo chake chenye miguu mitatu, wazee wanamsubiri aseme mpaka uko wapi. Wazee wa Kisukuma, Milembe, wamesimama juani wanamsubiri mwanamke aseme. Nikataka kuwa yule.

Babu yako aliniuliza. Hili ndilo nililolisahau kwa miaka mingi, nikawa nasimulia kwamba hakuniuliza. Aliniuliza tukitoka kuogesha ng'ombe joshoni. "Mayu, unaonaje?" Unajua alivyokuwa akiniita mayu, kama mama yake, alipokuwa anataka kunibembeleza. Nikapiga goti, nikasema, "Utakavyosema, baba." Akaniuliza tena baada ya siku kadhaa, mbele ya bibi yako, nikamjibu vile vile. Mara ya tatu alikuja mwenyewe shambani nikipalilia, akasimama kwenye tuta, akauliza, akasubiri. Nikatazama jembe. Basi akasema yeye anaona uuguzi ni bora, nitapata kazi mapema na wadogo zangu watasoma. Nikasema, "Nimesikia, baba."

Kwetu binti mwenye adabu hasemi nataka mbele ya baba yake. Na hasemi sitaki. Anasema amesikia, na mzazi anaondoka na jibu analolitaka yeye. Ni adabu nzuri sana kwa mambo ya kuchota maji. Kwa mambo makubwa ni mtego, na wote wawili wanaingia, mmoja kwa mguu wa kushoto na mwingine kwa mguu wa kulia.

Sikwambii kwamba niliteseka. Usije ukanijengea huruma ambayo siistahili. Kazi yangu niliizoea, halafu nikaipenda, na kuna siku mtoto anatoka akiwa amezungukwa na kitovu na mimi namfungua na analia, siku hiyo singebadilishana na mpima ardhi yeyote. Lakini kulikuwa na kitu kimebaki. Nikikasirika na baba yako, nikichoka na zamu, nikikosa jambo lolote, moyoni nilikuwa namlaumu mzee. Nilimlaumu miaka ishirini, naye hajui. Namletea sukari na kitenge cha bibi, napiga goti, namsalimia "Mwadila, baba," na ndani namdai.

Mwaka alioumwa nilichukua likizo nikaenda kumuuguza. Siku moja mchana tulikuwa nje, nambadilisha bandeji ya kidonda cha mguu, na jua limempiga vizuri mgongoni. Akanitazama mikono. Akasema, "Ulichagua vizuri, mayu. Una mikono myepesi."

Sijui nilipatwa na nini. Mtu mgonjwa, anayekufa, ananisifu. Nikamwambia, "Mimi sikuchagua, baba. Ulichagua wewe."

Akautazama mguu wake, bandeji iko nusu. Halafu akasema taratibu, "Nilikuuliza mara tatu."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani utakasirika."

"Ningekasirika," akasema. "Halafu?"

Nilifunga kile kidonda kwa mikono yangu myepesi na machozi yananidondokea kwenye bandeji safi, ikabidi nichukue nyingine. Alifariki kabla sijapata la kumwambia, na mpaka leo sijalipata. Kumbe baba yangu alikuwa tayari kukasirika. Alikuwa ameshajiandaa kabisa, alikuja mpaka shambani kukasirishwa, na mimi nikamnyima.

Nikarudi Bariadi nimejiapiza kwamba mtoto wangu hatanijibu nimesikia katika jambo kubwa. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Miaka ikapita, jambo kubwa likaja, ukaniambia nimesikia, na mimi nikaona vizuri kabisa ni nini, nikachukua mkoba wangu nikaenda steshenari. Babu yako alidanganywa na neno. Mimi sikudanganywa. Nililitumia.

Tangu hapo nimekuwa nikikuangalia. Umekuwa mwema kupita kiasi. Unaosha vyombo kabla havijachafuka. Unasoma orodha ya vitu vya kupeleka Mwanza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji. Nikajisemea umekua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi nyenzo.

Jumatatu wiki hii baba yako akapiga simu kutoka Nyashimo. Unajua anavyopiga, mashine za kiwanda cha kuchambulia pamba zinaunguruma nyuma, yeye anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Akasema, "Mama Milembe, mtoto ameniuliza swali." Nikamuuliza swali gani. Akasema, "Ameniuliza kama mtu akimaliza famasia anaruhusiwa kuanza tena upya kusoma nguo. Nimemwambia sijui. Wewe unajua?" Nikamwambia na mimi sijui. Akasema, "Ni miaka minne, halafu aanze tena. Atachoka huyu." Halafu akapandisha sauti juu ya mashine. "Hivi famasia alichagua mwenyewe?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa safi kabisa.

Baba yako hana lawama hapa, nataka ujue. Alikuwa kwenye msimu, anafunga mikanda ya mashine usiku na mchana, na mimi nilimwambia umekubali. Ndiye aliyekuwa akikupeleka kiwandani ulipokuwa mdogo, anakubeba mabegani mnatazama pamba nyuzi inavyotoka upande huu na mbegu upande ule. Baada ya ile siku ya Ipililo nilimkataza. Alinisikia. Naye ni Msukuma.

Jana nikaenda kwa Rehema kutoa nakala ya fomu yako ya daktari. Nikamkuta na watu wengi, wasichana na wazazi wao, wote nyuso zimekunjamana. Akaniambia, "Mama Milembe, leo hatupumui. Wamefungua dirisha la kubatilisha. Aliyethibitisha chuo anaweza kukifuta akathibitisha kile kingine, kama nafasi bado ipo." Nikauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, linafungwa lini. Akasema, "Ijumaa, saa sita mchana."

Nikamwambia atazame yako. Akatazama. Nafasi ya uhandisi wa nguo bado ipo. Akanigeukia, kidole kiko juu ya kitufe, akauliza, "Tufanyeje?" Safari hii nilipata angalau haya ya kusema mwenyewe hayupo. Akaniambia namba mpya ya siri itakuja kwenye simu yangu, na mwenyewe akija ni kazi ya dakika kumi, yeye anafungua saa mbili asubuhi. Hata mkopo, anasema, huombewa uhamisho, ni usumbufu wa karatasi tu. Namba ilikuja jana hiyo hiyo, saa kumi na robo. Ninayo.

Nilirudi nyumbani. Ulikuwa unapiga pasi mashuka ya kwenda nayo. Nikakaa, nikanywa chai, nikakusifu kwa mikunjo iliyonyooka, nikaenda kulala.

Na leo, baada ya wewe kuondoka, ndipo nikachukua karatasi kuandika barua hii, na sasa sikiliza uovu wangu ulivyo na maarifa. Nilipanga niikunje, niiweke chini kabisa ya begi, chini ya mashuka. Uifungue Mwanza. Basi linafika kama saa tano, mpaka upate bweni, upate kitanda, utoe mashuka, saa sita imepita. Ungesoma kwamba mama yako amekiri yote, kwamba ana majuto, kwamba anakupenda. Ungelia, ungenisamehe, maana una moyo wa baba yako. Na Mwanza ungebaki. Ningekuwa nimetubu na nimepata nilichotaka, vyote kwa karatasi nne.

Nimeligundua hilo nikiwa ukurasa wa tatu, hapo nilipoandika habari za babu yako kuja shambani. Nilisimama nikaenda kunywa maji. Nimeona aibu, mwanangu, na ninaiandika ili nisiipoze. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Naliona kila siku kazini, mama anayebana miguu kwa aibu wakati mtoto anataka kutoka, tunamwomba, tunamgombeza, na anayeumia ni mtoto.

Basi barua hii haiendi kwenye begi.

Usidhani nimebadilika. Bado nataka Mwanza. Nataka uwe mahali ambapo nikiota ndoto mbaya, jioni yake nimekuona. Nikifikiria mashine za nyuzi na vumbi lake, kifua changu ndicho kinachobana. Ukinambia Dar es Salaam nitakasirika, nakwambia mapema, nitakasirika na nitasema maneno, pengine hata lile la kuzikwa nitalirudia. Nitagonga sufuria. Usiogope sufuria. Niliyemuogopa mimi alikuwa mzee mwenye fimbo na ng'ombe arobaini, na hata yeye alikuwa anasubiri tu nifungue mdomo.

Wala sijui kama bado unaitaka hiyo nguo. Inawezekana wiki hizi umeshaizoea famasia, umeona ina maana, na mimi ndiye ninayekuvuruga siku ya mwisho na begi limefungwa. Ikiwa ni hivyo niambie, nitashukuru Mungu na nitakupikia. Lakini nataka nisikie kwako. Mwezi mzima huu tumeishi nyumba moja na sijui binti yangu anataka kwenda wapi. Najua saizi ya kiatu chako, najua kifua chako kikikoroma ni koo au ni pumu, na hili silijui.

Baba yako kesho atasimama barabarani Nyashimo kulisubiri basi lako. Amenunua machungwa, ameomba ruhusa ya nusu saa. Kama humo kwenye basi nitampigia asisimame juani, na nadhani hatauliza kwa nini. Ukiwemo, mpungie mkono kwa nguvu, macho yake si mazuri siku hizi.

Jua limeanza kuingia mezani. Gari la jioni halijafika lakini haliko mbali. Nimepanga hivi. Ukiingia utasema shikamoo, utataka kuniambia bibi amekupa nini, viazi bila shaka na karanga. Nitakuacha uweke mzigo chini. Sitasubiri chakula, kwa sababu baada ya chakula nitapata sababu, kisha utachoka, kisha itakuwa alfajiri. Nitakupa karatasi hizi mkononi kabla hujavua viatu, na nitakukalisha kwenye kiti cha baba yako. Mimi nitakaa kile kingine. Sitaenda jikoni, sitajifanya natafuta kitu. Simu yangu nitaiweka mezani kati yetu, namba imo, ujumbe wa juu kabisa.

Kwa hiyo sasa umefika mwisho na mimi niko hapa mbele yako. Huenda nimeshaanza kulia, usijali hilo, nalia hata kwenye harusi za watu nisiowajua. Weka karatasi chini, Milembe. Usipige goti. Nitazame usoni, uniambie kwa mdomo wako: unataka kwenda wapi?